Efeso kwa Siku Moja: Mwongozo wa Muumini Anayeshuka Melini Kuşadası

Safari yangu ya kwanza ya Efeso niliipoteza dukani. Meli ilifunga gati Kuşadası, bandari ya Uturuki, alfajiri, basi likatupeleka kwenye magofu, tukapitishwa mbiombio, tukapiga picha mbele ya maktaba ya Celsus, kisha kiongozi akatuambia muda umekwisha. Nilimuuliza kuhusu Kanisa la Maria. Akaniambia liko mbali na njia. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumekaa kwenye duka la mazulia tukipewa chai, na tulikaa humo karibu saa nzima.

Niliumia kwa sababu moja. Kila jioni, tangu nikiwa mtoto, nimesali pamoja na watu wa nyumbani: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu. Maneno hayo matatu, "Mama wa Mungu", yaligombaniwa na maaskofu mwaka 431, na waligombania hapo Efeso, katika kanisa lililoitwa Maria. Nami nilikuwa nimepita mita mia chache kutoka hapo, nikaenda kutazama mazulia.

Nilirudi tena, safari hiyo nikiwa na kikundi cha jumuiya yetu, watu tisa, watatu kati yao wazee. Mwongozo huu unatokana na siku ile ya pili. Nimeupanga ili ufike kwenye kanisa lile ukiwa bado na nguvu miguuni na muda mkononi. Hata kama wewe si Mkatoliki utakufaa, maana Efeso ni mji wa Paulo, wa Timotheo, wa Prisila na Akila, na mapokeo ya kale yanasema Yohane alizikwa huko.

1. Kabla hujalipia safari, tazama viza

Anza na hili, kwa sababu limewaharibia wengi wetu safari. Meli nyingi zinazofika Kuşadası huanzia Piraeus, bandari ya Athens, zikapita visiwa vya Ugiriki, zikavuka kwenda Uturuki, kisha zikarudi Ugiriki. Ukishuka Uturuki umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwamo. Ukirudi Ugiriki unaingia upya. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen ya kuingia mara mbili au zaidi. Ile ya kuingia mara moja haitamtosha. Andika hivyo kwenye maombi yako na uambatanishe ratiba ya meli, bandari kwa bandari, ili ofisa wa ubalozi aone sababu.

Viza ya Uturuki ni jambo la pili, na masharti yake hutofautiana pasipoti kwa pasipoti. Uliza ubalozi wa Uturuki wenyewe. Usitegemee jibu la abiria mwenzako mwenye pasipoti ya Ulaya, ambaye huenda hajawahi kuombwa karatasi yoyote.

Ukiwa melini, mara nyingi pasipoti hukaa mapokezi. Jioni ya kuamkia siku ya kushuka, waulize kama utahitaji kuichukua au kama kadi ya meli pamoja na nakala ya pasipoti vinatosha. Waulize usiku huohuo, kwa sababu asubuhi foleni ni ndefu na kila mtu ana haraka.

2. Soma usiku, utaelewa mchana

Soma Matendo ya Mitume sura ya 19 yote, kisha 20 kuanzia mstari wa 17. Soma Ufunuo 2, mistari saba ya kwanza. Ukipata nafasi, soma Waraka kwa Waefeso. Ni kazi ya saa moja hivi, na itakufaidi kuliko vifaa vya kusikiliza maelezo wanavyokodisha langoni.

Katika sura ya 19 tazama mambo matatu. Paulo alifundisha katika darasa la Tirano kwa miaka miwili. Watu waliochoma vitabu vyao vya uganga walichoma mali yenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Na ghasia za Demetrio, mfua fedha, zilianzia kwenye biashara: alikuwa akiuza vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa Waefeso, na injili ilianza kumpunguzia wateja. Ukiyabeba hayo kichwani, magofu yataanza kusema nawe. Bila hayo utaona mawe mazuri tu.

3. Amua utakwendaje

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni ziara inayouzwa na meli yenyewe. Ni ghali zaidi, lakini basi la meli likichelewa, meli hulisubiri. Ya pili ni kukodi gari na kiongozi mwenye leseni, wewe na wenzako. Mkiwa watu wanne na zaidi mara nyingi mtalipa kidogo kuliko meli inavyodai, na mtakaa kila mahali kwa kadiri mpendavyo. Hatari yake ni kwamba meli haiwasubiri. Mkichelewa, mtaikimbiza hadi bandari inayofuata kwa nauli yenu.

Mimi nachagua njia ya pili kwa siku kama hii, kwa sababu ziara nyingi za meli haziligusi Kanisa la Maria. Ukichagua ya meli, soma orodha ya vituo kwa makini. Ukiona "onyesho la mazulia" au "onyesho la ngozi", jua hapo kuna saa moja itakayokatwa kwenye siku yako. Ukikodi gari, mwandikie kiongozi kabla ya siku ile, kwa maneno yaliyo wazi: hatutaki duka lolote, na tunataka Kanisa la Maria na chumba chake cha ubatizo. Mwambie arudishe jibu kwa maandishi.

Kuna pia mabasi madogo ya abiria, waturuki huyaita dolmuş, yanayokwenda Selçuk, mji ulio jirani na magofu. Ni nafuu, na anayesafiri peke yake na mwepesi wa miguu anaweza kuyatumia. Kutoka Kuşadası hadi Selçuk ni kilomita 20 hivi, kama nusu saa. Lakini hayapandi mlimani kwenye Nyumba ya Maria. Huko ni teksi, na bei mkubaliane kabla hujafungua mlango.

Ikiwa meli yako inafunga gati Izmir badala ya Kuşadası, hesabu nyingine: Efeso iko karibu kilomita 80 kutoka hapo. Toa Nyumba ya Maria au toa Selçuk kwenye ratiba, kwa sababu vyote havitaenea.

4. Saa, na saa tena

Saa za Uturuki ni zilezile za Afrika Mashariki, mwaka mzima. Saa yako ya mkononi ikiwa bado ya Dar es Salaam au Nairobi, iko sawa. Shida ni saa ya meli: wakati wa baridi Ugiriki iko nyuma kwa saa moja, na nahodha anaweza kuamua kubaki na saa ya Ugiriki. Muulize mtu wa mapokezi, kisha fuata saa ya meli siku nzima.

Jambo jingine ni letu sisi Waswahili. Tangazo litasema abiria wote wawe melini 16:30. Andika kwenye karatasi: saa kumi na nusu jioni, na umpe kila mmoja wa kikundi nakala yake. Katika kikundi chetu Bibi mmoja aliandika saa nne na nusu, kwa sababu alimsikia kijana wa meli akitamka "nne". Tuligundua kabla hatujashuka, tukashukuru Mungu.

Mimi hupanga kurudi bandarini saa nzima na robo kabla ya muda wa mwisho. Mfano wa siku yetu ulikuwa hivi: kushuka saa moja na nusu asubuhi, Nyumba ya Maria saa mbili, lango la juu la Efeso saa tatu na robo, Kanisa la Maria saa tano na nusu, chakula saa saba kasorobo, kanisa la Mtakatifu Yohane huko Selçuk saa saba na nusu, bandarini saa tisa na robo.

5. Cha kubeba

Khanga. Ninalisema kwanza kwa sababu litakufaa mara nne: kujifunika mabega na magoti kwenye Nyumba ya Maria, kujikinga jua, kukalia marumaru yenye moto, na kufunga mkoba uliokatika kamba. Wanaume wavae suruali ndefu nyepesi.

Viatu vyenye kushika chini. Mawe ya barabara za Efeso yamesuguliwa na miguu kwa karne nyingi, yanateleza hata yakiwa makavu, na yakilowa ni hatari. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu kuanzia Mei hadi Septemba. Kofia. Ndani ya magofu hakuna kivuli cha maana, na vyoo viko malangoni, kwa hiyo pitia pale kabla hujaingia. Beba pia kalamu na karatasi ndogo, nitakueleza kwa nini.

Tiketi ya Efeso haijumuishi kila kitu. Nyumba za matajiri zilizoezekwa paa katikati ya magofu zina tiketi yake, basilika ya Mtakatifu Yohane ina yake, na Nyumba ya Maria ina kiingilio chake tofauti. Beba kadi ya benki na fedha taslimu kidogo.

6. Panda mlimani kwanza

Barabara ya kwenda Nyumba ya Maria inapita karibu na lango la juu la Efeso kisha inapanda mlima wa Bülbül. Ukianza na mlima unateremka siku nzima, na wazee watakuombea dua.

Niseme wazi mahali hapa ni nini. Yesu msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na mapokeo yanasema Yohane alikuja kuishi Efeso. Kutokana na hayo wengine wakaamini Maria alikuja naye. Katika karne ya 19 maono ya mtawa Mjerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki mwaka 1824 bila kufika kamwe Uturuki, yaliandikwa na kusomwa. Mwaka 1891 mapadre Walazaristi kutoka Izmir wakapanda mlima huu kutafuta nyumba aliyoieleza, wakakuta magofu ya kikanisa kidogo penye chemchemi. Wakristo wa Kiorthodoksi wa kijiji cha jirani walikuwa tayari wakija kuhiji hapo kila tarehe 15 Agosti. Kanisa Katoliki halijawahi kutamka kwamba ni kweli Maria aliishi humu. Linapaheshimu kama mahali pa hija, na Papa Paulo VI alifika mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, Benedikto XVI mwaka 2006. Yerusalemu nako kuna kaburi linaloitwa la Maria. Mimi huenda mlimani kusali, na swali la historia nimeliacha mikononi mwa wenye kuchimba.

Kutoka maegesho ni mwendo mfupi usio na mwinamo mkali. Kijumba chenyewe ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya kuta imejengwa upya juu ya misingi ya zamani. Unaingia kwa mstari, kimya, picha haziruhusiwi, unatoka kwa mlango mwingine. Utawakuta Waturuki Waislamu wamesimama wakiomba dua, kwa maana Bibi Maryamu ana heshima yake katika Kurani. Wapishe nafasi kama wanavyokupisha.

Chini ya nyumba kuna mabomba ya maji ya chemchemi, na karibu nayo ukuta wenye maelfu ya vikaratasi na vitambaa vilivyofungwa, kila kimoja ni ombi la mtu. Hapo ndipo kalamu yako inapohitajika. Wazee wetu waliandika kwa Kiswahili, na mmoja aliandika majina ya wajukuu kumi na wawili, akakataa kusaidiwa. Tulimsubiri. Hiyo ndiyo raha ya kuwa na gari lenu.

Saa moja inatosha, hata chini ya hapo.

7. Ingia Efeso kwa lango la juu

Kutoka lango la juu hadi la chini ni kama kilomita mbili za kuteremka, ukisimama hapa na pale. Mwambie dereva awasubiri lango la chini. Mwenye magoti mabovu afanye tofauti: aingie kwa lango la chini, aone ukumbi wa maonyesho, maktaba na Kanisa la Maria, arudi kwa njia ileile. Sehemu hiyo ni tambarare zaidi, na hakosi kilicho cha muhimu.

Sehemu ya juu ipite upesi. Simama mahali pawili tu. Kwanza kwenye mabaki ya hekalu la Kaisari Domitian. Ni katika siku za mfalme huyu, kwa mapokeo ya kale, Yohane alipelekwa kifungoni Patmo, na sanamu kubwa ya ukoo huo wa wafalme ilisimama katikati ya mji huu. Ukisoma Ufunuo ukiwa hapo, maneno kuhusu mnyama na sanamu yake hayabaki kuwa fumbo la mbali.

Kisha teremka barabara ya Curetes hadi maktaba ya Celsus. Utaipiga picha, kila mtu huipiga. Lakini ujue kwamba Paulo hakuiona. Alikuwa Efeso katika miaka ya hamsini ya karne ya kwanza, na maktaba ilijengwa miongo sita hivi baada yake, kwa heshima ya gavana Celsus aliyezikwa chini yake. Uso wake unaouona leo uliinuliwa upya na wachimbaji wa Austria katika miaka ya 1970. Tazama badala yake ngazi zake: kwenye jiwe moja pamechorwa kinara cha Wayahudi chenye matawi saba. Ni mchoro mdogo, muulize kiongozi. Jamii ya sinagogi aliloanza nalo Paulo, ambalo Matendo inalitaja, iliendelea kuishi mjini hapa.

Muombe pia akuonyeshe duara lenye mistari minane lililochongwa kwenye marumaru. Ndani yake mna herufi za neno la Kigiriki la samaki, ΙΧΘΥΣ, na kila herufi inaanza neno: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Nyumba za matajiri ni nzuri sana, zina michoro ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi, ila zinakula dakika arobaini. Katika siku ya hija ninaziacha.

8. Keti kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho

Ulichimbwa ubavuni mwa mlima na unasemekana kuchukua watu wapatao 25,000. Humu ndimo umati uliposimama kwa muda wa saa mbili ukipiga kelele: "Artemi wa Waefeso ni mkuu!"

Viongozi wengi watakuambia Paulo alihubiri hapa. Fungua Biblia yako, Matendo 19:30. Paulo alitaka kuingia, wanafunzi wakamzuia, na baadhi ya wakuu wa Asia waliokuwa rafiki zake wakamtumia ujumbe asiingie. Waliovutwa ndani ni Gayo na Aristarko, watu wawili ambao hatuwataji sana mahubirini. Nadhani ni haki kuwakumbuka hapa. Walisimama mbele ya kelele ile bila kujua kama watatoka, na aliyewaokoa hakuwa mtume wala malaika. Alikuwa karani wa mji, mpagani, aliyeongea kwa busara akawaambia watu warudi makwao.

Tafuta kivuli cha ukuta, keti, mmoja asome kwa sauti ya kawaida kuanzia mstari wa 23 hadi mwisho wa sura. Ukumbi unabeba sauti vizuri, hakuna haja ya kupaza. Sisi tulisoma kwa Kiswahili, na kikundi cha Wakorea kilichokuwa jirani kikanyamaza hadi tukamaliza, kisha nao wakasoma kwa lugha yao.

Kabla ya kuondoka tazama mbele, barabara pana iliyonyooka kuelekea magharibi. Ilikuwa inaishia bandarini. Paulo alishukia huko kama wewe ulivyoshukia Kuşadası. Mto ulileta tope karne baada ya karne, bandari ikajaa, na leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapa. Mji ulikufa kwa kuachwa na maji.

9. Kanisa la Maria: hapa usikubali kuharakishwa

Ukikaribia lango la chini, kiongozi atataka kunyoosha moja kwa moja hadi kwenye maduka na mabasi. Mwambie hapana. Kanisa liko upande wa kaskazini wa barabara ya bandari, mwendo wa dakika chache kwa njia ya vumbi penye nyasi na miti. Watalii wengi hawafiki. Siku ile tulikuwa peke yetu kwa zaidi ya nusu saa.

Utakachokiona ni jengo refu mno, jembamba, bila paa, kuta za matofali na mawe, na sehemu ya altare iliyopinda kama nusu duara. Lilijengwa ndani ya ukumbi wa nguzo uliokuwa wa hekalu la Kaisari Hadrian, na likajengwa na kurekebishwa kwa awamu kadhaa. Ubaoni utaona kumbukumbu ya Papa Paulo VI, aliyesali hapa Julai 1967.

Kisa chenyewe ni hiki. Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, hakupenda watu wamwite Maria Theotokos, yaani aliyemzaa Mungu. Aliona itoshe kumwita mama wa Kristo, ili mtu asidhani umungu una mwanzo tumboni mwa mwanamke. Cyril, askofu wa Alexandria, alimjibu kwamba ukitenganisha hivyo unampasua Kristo mara mbili: aliyezaliwa, akalia, akanyonya, ni Mungu yuleyule, si mtu mwingine aliyekaliwa na Mungu. Kaisari Theodosius II akaita mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Kumbukumbu za mtaguso wenyewe zinasema maaskofu walikutana katika kanisa liitwalo Maria. Tarehe 22 Juni 431 Cyril alifungua kikao bila kuwangoja maaskofu wa Antiokia, waliokuwa bado njiani, na siku hiyohiyo Nestorius akavuliwa cheo. Waantiokia walipofika walikasirika, wakafanya kikao chao na kumvua Cyril. Haikuwa kazi safi, na mpasuko mwingine wa Kanisa la Mashariki una mizizi hapo. Upatanisho kati ya Cyril na Antiokia ulikuja mwaka 433.

Lakini jioni ile ya kwanza, Cyril aliandika katika barua, watu wa Efeso walikuwa wamesubiri nje tangu asubuhi. Waliposikia uamuzi walishangilia, wakawasindikiza maaskofu hadi malazini kwa mienge, na wanawake wakatangulia wakifukiza ubani.

Tulisimama katikati ya kuta zile tukasali Salamu Maria, polepole. Tulipofika kwenye "Mama wa Mungu", Bibi yule wa saa nne na nusu aliketi chini kwenye khanga yake akalia. Nilimwuliza, "Bibi, unaumwa?" Akanijibu, "Siumwi, mwanangu. Nilifundishwa maneno haya na mama yangu, wala yeye hakujua yalitoka wapi."

Usiondoke bila kuingia chumba cha ubatizo, upande wa kaskazini wa kanisa. Katikati ya sakafu kuna kisima cha duara chenye vidaraja vya kushukia pande mbili. Mtu alishuka upande mmoja, akatoka upande wa pili.

Sala ya kikundi kwa sauti ya chini haimsumbui mtu. Ikiwa mna padre na mnataka Misa, ombeni kibali cha uongozi wa makumbusho mapema kupitia kiongozi wenu.

10. Selçuk: kaburi la Yohane, na pango kama muda upo

Kuleni kwanza. Karibu na pango la Wale Saba Waliolala kuna vibanda vya akina mama wanaokaanga gözleme, chapati nyembamba yenye jibini au mchicha ndani yake. Inashibisha na haichelewi. Pango lenyewe liko hatua chache kutoka hapo. Ni makaburi mengi ya Wakristo wa kale yaliyochongwa mwambani, na ukoo wa hadithi yake unavuka dini: vijana waliokimbia mateso ya Kaisari Decius, wakalala pangoni, wakaamka zama za Theodosius II, yule yule wa mtaguso. Ndugu zetu Waislamu wanawasoma katika Sura ya 18, Watu wa Pangoni, ingawa kuna miji mingine inayodai pango hilo pia. Ukiwa na rafiki Mwislamu katika kikundi, mwachie yeye asimulie.

Kisha panda kilima cha Ayasuluk hadi basilika ya Mtakatifu Yohane. Kaisari Justinian aliijenga katika karne ya 6, kwa umbo la msalaba lenye kuba sita, juu ya kanisa dogo la zamani zaidi, nalo lilikuwa juu ya kaburi. Polycrates, askofu wa Efeso, aliandika karibu mwaka 190 kwamba Yohane amelala hapa. Utaliona kaburi katikati, bamba la marumaru na nguzo nne pembeni. Hapo ndipo pa kusoma Ufunuo 2: "umeuacha upendo wako wa kwanza". Barua ile ilitumwa kwa kanisa la mji huu, uliolala bondeni nyuma yako.

Toka upande wa magharibi ukatazame chini. Kwa mtazamo mmoja unaona msikiti wa İsa Bey wa mwaka 1375 na, bondeni, nguzo moja pekee, iliyounganishwa kwa vipande, mara nyingi korongo amejenga kiota juu yake. Ndiyo iliyosimama kati ya yote yaliyokuwa hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya kale. Huna haja ya kwenda hadi pale kama saa inakimbia. Kutoka kilimani panaonekana vya kutosha.

11. Kurudi

Saa tisa kasorobo uwe garini, hata kama kuna mtu anaomba dakika tano za duka. Msongamano wa mabasi kuingia bandari ya Kuşadası alasiri ni mkubwa meli zikiwa tatu au nne. Kadi ya meli iwe mfukoni, si ndani kabisa ya mkoba.

Maji ya chemchemi uliyochota mlimani yaweke kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri na umwonyeshe mlinzi wa ukaguzi kabla hajauliza, kwani meli nyingine zina masharti juu ya vinywaji vinavyopandishwa. Sisi walituruhusu chupa tisa.